Megapikseli hazifiki mnarani

Swali ni lilelile, liwe limeulizwa kwenye duka la vifaa vya kompyuta Masasi mjini au kwa fundi simu wa Newala: "Kamera ya megapikseli ngapi itanifaa ili nisigande kwenye Zoom?" Muulizaji anaweza kuwa karani wa chama cha msingi anayetakiwa kwenye kikao cha chama kikuu cha ushirika, TANECU, mwalimu aliyeitwa kwenye usaili kwa njia ya mtandao, au kijana anayenukuu sauti akiwa nyumbani kwa ajili ya mteja aliye ng'ambo. Wote wana sababu nzuri ya kutaka kuonekana vizuri. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210, na lami yake imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Kikao cha saa moja mezani huokoa siku nzima ya safari.

Swali lenyewe ndilo bovu. Hakuna idadi ya megapikseli inayozuia picha kuganda, na yeyote anayetaja namba hapo ama hajui, ama anauza.

Dalili za tatizo huwa wazi kwa anayetaka kuziona. Aliyeganda karibu kila mara hulalamika, "Mbona mimi nawaona vizuri?" Anawaona kwa sababu picha zao zinashuka kwake kutoka mnarani, yake ndiyo inayoshindwa kupanda. Mnara wa simu hurusha mawimbi kutoka juu kwa makumi ya wati. Simu ya 4G inayogawia laptop intaneti mwisho wake ni kama wati 0.2. Kwa nguvu hiyo ndogo inatakiwa ipenye ukuta wa tofali na paa la bati na, kwa baadhi ya wakazi wa Masasi, izunguke miamba mikubwa ya mawe kama ule wa Mtandi. Newala, iliyokaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, ina afadhali ya kimo. Lakini aliyejenga kwenye miteremko ya kuelekea bonde la Ruvuma anaweza kujikuta amefichwa na ukingo huohuo ambao wenzake wa juu wanajivunia.

Zoom wenyewe wameweka wazi mahitaji yao. Mazungumzo ya watu wawili yanataka kilobiti 600 kwa sekunde kupanda na kiasi hichohicho kushuka. Picha ya 720p inataka megabiti 1.2 kila upande. Ya 1080p inataka megabiti 3.8 kupanda na 3.0 kushuka. Kwa hesabu ya bando, kiwango cha kwanza kinakula karibu MB 540 kwa saa, na hicho cha mwisho kinazidi kidogo GB 3. Mwenye bando la GB 1 aliyeingia kwenye kikao cha asubuhi na tamaa ya 1080p atakuwa nje ya kikao kabla ya ajenda ya pili.

Sasa iangaliwe kamera ya 4K, ile inayosifiwa dukani. Ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani takriban milioni 8.3. Programu ya mikutano haihitaji picha hiyo: katika mikutano ya kawaida huiomba kamera 720p, pengine 1080p, na 4K yenyewe inabaki imelala ndani ya kifaa. Njia ya kupandia ikibana, kama inavyobana jioni watu wote wanaporudi kwenye simu zao, programu hushusha picha hadi 360p au chini zaidi. Picha ya 640 kwa 360 ina pikseli 230,400. Kwa maneno mengine, kati ya kila pikseli 100 ambazo mnunuzi amezilipia, hazifiki tatu zinazosafiri. Nyingine hazijawahi kutoka chumbani.

Wakati mwingine tatizo liko mbali kuliko mnara: Mei 12, 2024, mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikayumba vibaya kutoka Dar es Salaam hadi mikoani. Siku ile mwenye kamera ya bei mbaya na mwenye kamera iliyokuja na laptop walikuwa sawasawa: wote hawakuonekana.

Kuna jambo baya zaidi: megapikseli nyingi zinazoandikwa kwenye maboksi ya bei rahisi hazipo. Boksi linasema 12, lakini ndani mna kamera ya pikseli 640 kwa 480, yaani megapikseli 0.3, na programu inayoinyoosha picha hiyo ndogo hadi ionekane kubwa. Kunyoosha hakuongezi hata unywele mmoja wa nyusi. Kunatanua tu ukungu. Mkulima wa korosho haamini maandishi ya juu ya gunia. Ghalani korosho hukatwa ikaangaliwa ndani, unyevu ukapimwa, ndipo daraja likatajwa. Ajabu ni kwamba mkulima huyohuyo, akiwa na pesa za mnada mfukoni, hununua kamera kwa kusoma boksi. Kuikata kamera ni kazi ya dakika moja: ichomekwe kwenye laptop, ifunguliwe programu ya Kamera ya Windows, ipigwe picha moja, kisha zisomwe sifa za faili. Faili ikisema 640 kwa 480, boksi limedanganya na mazungumzo ya bei yameisha. Ikionyesha namba kubwa lakini maandishi ya gazeti lililoshikwa hatua moja mbele ya lenzi hayasomeki, huenda picha imenyooshwa.

Hata pale megapikseli zinapokuwa za kweli, wingi wake unaweza kudhuru. Kihisi cha mwanga ndani ya kamera ya kompyuta ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kikigawanywa vipande milioni nane badala ya milioni mbili, kila kipande kinapokea mwanga haba, na mwanga haba huzaa chenga. Hapa ndipo ushauri wa dukani unapogeuka hasara kamili. Programu ya mikutano hubana picha kwa kutuma mabadiliko tu: ukuta uliotulia hautumwi upya kila mara, unatumwa uso unaocheka na mkono unaopungwa. Chenga zinachezacheza picha nzima, kila sehemu, mara 30 kwa sekunde, na programu haina akili ya kujua kwamba ule ni uchafu wa giza. Inazihesabu kuwa ni mwendo. Bando linaishia kusafirisha chenga za ukutani, na uso wa mwenyewe unabaki mabonge ya rangi. Mtu yuleyule, kwa kamera ileile na mtandao uleule, akisogea penye mwanga, picha inatulia na kupungua uzito.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni dirisha, na ni bure. Nje saa sita mchana mwanga unafika luksi 100,000. Ndani ya chumba chenye balbu moja ni makumi machache tu. Anayekaa na dirisha mgongoni ameiambia kamera ilitazame jua, nayo itamfanya kivuli. Akae akiliangalia. Masasi na Newala ziko karibu nyuzi 11 kusini mwa ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita kusini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi kama Februari 20, na miezi mingine yote hupita kaskazini. Dirisha la kusini linatoa mwanga tulivu kuanzia Aprili hadi Septemba. La kaskazini ni zuri kuanzia Novemba hadi Februari, wakati ambapo lile la kusini linaweza kumchoma mtu machoni. Usiku, taa moja ya LED iwekwe nyuma ya laptop, juu kidogo ya macho, ikimulika ukuta mweupe au karatasi ili isimpige mtu usoni moja kwa moja.

Na ile mistari ya giza inayotambaa juu ya picha usiku? Si virusi, wala kamera haijafa. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa hezi 60 za Marekani, na tofauti hiyo ndiyo mistari. Mipangilio ya kamera ina sehemu ya kuchagua 50. Watu wamebadilisha kamera nzima kwa kukosa kubonyeza hapo.

Kabla ya ununuzi wowote, ipimwe kasi ya kupandisha, ile namba ya pili ambayo wengi huiruka wanapopima mtandao. Ipimwe kwa kila laini iliyopo nyumbani, kwa saa ileile ya kikao, dirishani kisha katikati ya chumba. Aliyezoea kumsifu mtoa huduma mmoja huenda akashangaa.

Sauti nayo isisahauliwe. Zoom inataka kilobiti 60 hadi 80 tu kwa sauti, na kikao kisicho na picha huendelea. Kisicho na sauti kimevunjika. Masika yakifika, mvua juu ya bati lisilo na dari humeza maikrofoni yoyote iliyo kwenye kamera, iwe ya 4K au ya karne ijayo. Hedifoni zenye maikrofoni karibu na mdomo, hata zile zilizokuja na simu, zinashinda.

Baada ya hayo yote, kamera. Mwenye simu nzuri aitumie hiyo: programu za DroidCam na Iriun huifanya iwe kamera ya kompyuta, na baadhi ya simu za Android 14 na kuendelea zina uwezo huo ndani yake zikichomekwa kwa waya. Itumike kamera ya nyuma, kwa waya wa USB, na isiwe simu ileile inayogawa intaneti, maana itachemka. Asiye na simu ya ziada na mwenye pesa kidogo anatoshwa na kamera ya kweli ya 720p. Logitech C270 ni ya siku nyingi, haina mbwembwe, na inafanya kazi hiyo. Anayefundisha, au anayeonyesha karatasi na bidhaa, atafute 1080p yenye kujilenga yenyewe, mfano C920, iliyopo sokoni tangu 2012. Pembe isizidi kama nyuzi 80. Zaidi ya hapo kamera inaonyesha chumba kizima na kitanda kisichotandikwa. Taa ndogo zilizozunguka lenzi ni pambo. Mandhari bandia izimwe kwenye laptop kuukuu, kwa sababu inailemea. Kamera isimame usawa wa macho, hata kama ni juu ya vitabu. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini kila asubuhi: vumbi la kiangazi na mafuta ya vidole vimeharibu picha nyingi kuliko uhaba wa pikseli. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, na ruta ichomekwe hapohapo, kwani ruta iliyozimika na umeme huondoka na kikao chote.

Wauza vifaa wa Masasi na Newala nao wana la kufanya. Iwepo laptop moja kaunta, boksi lifunguliwe, kamera ichomekwe, na mteja asome mwenyewe ukubwa wa picha kabla pesa haijatoka mfukoni. Duka likikataa, mteja aende duka la pili.