Uvumilivu si dawa ya maumivu

"Mvumilivu hula mbivu," walinena wahenga. Methali hiyo hufunzwa darasani kila siku, lakini haikukusudiwa mtu aliyetoka kupasuliwa mgongo.

Mfikirie mwalimu wa Garissa ambaye kisahani cha baina ya pingili za kiuno kimechomoza na kuubana mshipa wa fahamu, maumivu yakamshuka hadi unyayoni. Akipasuliwa Nairobi, humngoja safari ya kilomita zipatazo 370 kurudi nyumbani. Wa Mandera humngoja kilomita kama 1,000. Maumivu yakimshinda, hawezi kujigeuza wala kukohoa vyema. Tena asiyeinuka mapema hukaribisha damu kuganda miguuni na maradhi ya kifua.

Msaada upo. Mwaka 1898 Mjerumani August Bier alidhihirisha kwamba dawa ya ganzi ikitiwa katika maji yanayouzunguka uti wa mgongo, mtu hupasuliwa sehemu za chini za mwili akiwa macho. Baadhi ya wagonjwa wa kisahani cha kiuno huweza kupasuliwa hivyo, bila nusukaputi. Aidha, ganzi huweza kudungwa katika misuli iliyo kando ya pingili, maumivu yakatulia kwa saa kadhaa na haja ya mofini ikapungua. Hiyo ni faida kubwa, kwani mofini huleta kichefuchefu, na ikizidi hudhoofisha pumzi.

Hata hivyo, ganzi haidumu. Vidonge vya kutuliza maumivu yafaa vianze kabla haijaisha, wala si baada ya mgonjwa kuanza kulia. Kwa hiyo na aulize kabla ya kupasuliwa: nitapewa nini usiku wa kwanza, na nini safarini? Akisharudi nyumbani, miguu ikilegea, mkojo ukizuilika au mapaja yakifa ganzi kwa ndani, hiyo si hali ya kuvumilia. Akimbizwe hospitali iliyo karibu mara moja.

Tangu 2013 huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa kaunti. Garissa, Wajir na Mandera zikinunua vitanda na mitambo bila kusomesha wataalamu wa nusukaputi na ganzi, zitakuwa zimejenga nyumba bila mwenyeji. Sindano ya ganzi si ghali. Adimu ni mkono unaoijua. Mwanafunzi wa kaskazini mashariki anayeipenda biolojia na aifikirie kazi hiyo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini maumivu ya aliye hai yanaweza kusikizwa na kutulizwa.