UZI: Unanunua kuni au unanunua maji? Maswali 4 ya kumuuliza anayeahidi "moto wa bei nafuu"

1/ Watu wangu, kila msimu wa siasa hii ahadi hurudi: "Tutashusha gharama ya kupika." Mmoja anataja gesi, mwingine anataja miti, wa tatu anataja kiwanda. Wanapigiwa makofi, wanashuka jukwaani, na huku Nyamira mtu anarudi nyumbani kupuliza kuni mbichi. Leo tuipasue hii ahadi polepole. Kama kawaida, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunataja hoja.

2/ Kwanza kisa kifupi. Msimu wa masika, magokoro (nyanya yangu) alinunua pikapu ya kuni za mkaratusi. Bei ilikuwa nzuri. Shida ni kwamba miti ilikatwa wiki hiyohiyo, na mvua haikuwa imepumzika. Jikoni ikawa moshi tu. Chai ya asubuhi inachukua saa nzima. Mwishowe akawa ananunua makaa kwa gorogoro ndiyo kuni zishike moto.

3/ Nikamwambia, "Magokoro, huyo muuzaji amekuibia." Akacheka. "Hakuniiba, mjukuu wangu. Nilihesabu vipande, sikuhesabu maji." Nimesoma sera ya nishati darasani muhula mzima na hakuna mtu alinieleza vizuri hivyo. Shika hiyo sentensi, tutairudia.

4/ Sasa takwimu. Sensa ya 2019 iliuliza kila boma linapikia nini. Kenya nzima: kuni asilimia 55.1, gesi asilimia 23.9, makaa asilimia 11.6, mafuta ya taa asilimia 7.8. Maana yake, mjadala wa runingani ukihusu gesi peke yake, zaidi ya nusu ya nchi haimo kwenye mjadala.

5/ Na huku kwetu? Sensa hiyohiyo ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Shamba limegawanywa kwa baba, kwa wana, kwa wajukuu. Zamani kuni ziliokotwa. Sasa kwa maboma mengi kuni zinanunuliwa. Kitu kikishanunuliwa, kina bei, kina kipimo, na kina siasa.

6/ SWALI LA 1: Unaongelea nishati gani? Tuanze na gesi, kwa sababu ndiyo inapigiwa kelele zaidi. Angalia historia ya ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia: 2016 ukaondolewa. Julai 2021 ukarudi, asilimia 16. Julai 2022 ukapunguzwa hadi asilimia 8. Julai 2023 ukaondolewa tena. Miaka saba, mabadiliko manne. Familia inapangaje maisha hapo?

7/ Mapema 2023 wananchi waliahidiwa hadharani kwamba kujaza mtungi wa kilo 6 kungeshuka hadi kati ya shilingi 300 na 500. VAT kweli ikatoka, lakini bei haikufika huko. Sababu si fumbo: gesi yetu inaagizwa kutoka nje kwa dola, inashukia Mombasa, inasafirishwa, na kila mkono unaoishika unaongeza chake. Na kumbuka, ile bei ya juu kabisa ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14 ni ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi haimo.

8/ Halafu kuna mafuta ya taa. 2018 iliwekwa tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa na maana. Lakini aliyekuwa anapikia stovu ya mafuta ya taa kwenye chumba cha kupanga alilipa tozo hiyohiyo, na hakuwa amechanganya chochote. Wengine walirudi kwa makaa. Somo: ukigusa bei ya nishati moja, watu hawaachi kupika, wanahamia nyingine.

9/ SWALI LA 2: Kwa kipimo gani? Hapa ndipo maneno ya magokoro yanaingia. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo 100 za kuni mbichi zina takriban kilo 50 za maji. Ukizianika mpaka zibaki na asilimia 20 ya maji, mzani utasoma kilo 62 na kitu. Hujaibiwa na mtu. Maji yameenda.

10/ Kilo moja ya kuni mbichi hutoa joto la kama megajuli 8. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa karibu 15. Kwa nini tofauti kubwa hivyo? Kwa sababu karibu nusu ya ile kilo mbichi ni maji yasiyowaka, na moto hutumia sehemu ya nguvu yake kuchemsha maji hayo kabla ya kufikia yale yaliyo kwenye sufuria yako. Unalipia moto, unapata mvuke na moshi.

11/ Hesabu ya kulinganisha na gesi (ni makadirio, lakini yatakusaidia): mtungi wa kilo 6 hufikisha kwenye sufuria joto sawa na kilo 60 hadi 70 za kuni KAVU kwenye mafiga matatu. Ukiwa na jiko lililoboreshwa, kama nusu ya hizo zinatosha. Kuni zikiwa mbichi, andika zaidi ya kilo 100.

12/ Kwa hivyo fanya hivi. Chukua bei ya kujaza mtungi mahali unaishi, igawanye kwa 65. Tuseme ni shilingi 1,300: unapata 20. Kama kilo ya kuni kavu inakugharimu zaidi ya shilingi 20 na unapikia mafiga, basi gesi ndiyo rahisi, hata kama pesa yake inauma kwa sababu inatoka mara moja. Umaskini mara nyingi ni kulipa zaidi, kidogo kidogo.

13/ Shida ni kwamba kuni hatununui kwa kilo. Tunanunua kwa mzigo, mkokoteni, pikapu. Makaa kwa gorogoro, debe, gunia. Gorogoro ikipigwa ngumi chini inabeba kidogo, gunia likinyeshewa linakuwa zito. Hakuna mgombea nimewahi kumsikia akiongelea hii, na ni pesa ya kila wiki.

14/ SWALI LA 3: Hii ni kazi ya serikali gani? Fungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne na Kifungu cha 209. Sera ya nishati na ushuru wa VAT ni za serikali ya kitaifa. Kwa hivyo mgombea wa ugavana au uwakilishi wa wadi akikuahidi kushusha VAT ya gesi, anakuahidi kitu kisicho mkononi mwake. Mpigie makofi ukitaka, lakini ujue.

15/ Lakini jedwali hilohilo linaipa kaunti masoko, leseni za biashara na kuhakikisha biashara inafanywa kwa haki. Linaipa pia utekelezaji wa sera za misitu na uhifadhi wa udongo na maji. Na Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati. Kwa hivyo mzani sokoni, paa la kuanikia kuni sokoni, miche ya miti: hayo ni maswali halali kabisa kwa watu wa kaunti.

16/ "Lakini serikali ilikataza kukata miti!" Hii husemwa vibaya sana kwa mijadala. Marufuku ya Februari 2018 yalihusu misitu ya umma na ya jamii. Yalianza kama ya siku 90, yakaongezwa mara kwa mara, na Julai 2023 serikali ikatangaza kuyaondoa, kisha jambo likafika mahakamani. Mkaratusi uliopanda shambani kwako haukuwa msitu wa umma. Kilichotugusa ni soko: msitu ukifungwa kwingine, wanunuzi hugeukia miti ya mashambani.

17/ Na wanunuzi huku ni wengi. Viwanda vya majani chai kama Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Kiamokama na Ogembo hukausha majani kwa mvuke wa boila, na boila hula kuni. Shule zinapikia kuni. Nyanya yako anapikia kuni. Wote wanautazama mti mmoja. Na gharama ya kuni za kiwanda hutolewa kabla ya bonasi ya mkulima kuhesabiwa, kwa hivyo mama anayechuma chai anaweza kulipia kuni mara mbili: jikoni na kwenye bonasi.

18/ Ongeza mito. Mkaratusi hukua haraka na huleta pesa, lakini hunywa maji mengi, ndiyo maana kila mwaka kuna mjadala wa kuung'oa kando ya mito na chemchemi. Wanaosema ung'olewe wana hoja: maji ya Gucha ni ya wote. Wanaoupinga uamuzi huo nao wana hoja: ule mti ndio karo ya shule. Jibu la kweli ni MAHALI pa kupanda: upandwe juu mlimani, miti ya kienyeji ibaki mtoni. Anayekupa upande mmoja tu anatafuta kura.

19/ SWALI LA 4: Itakaa wapi ikiwa kavu? Siku hizi utasikia, "Tutaleta kiwanda cha peleti." Peleti ni unga wa mbao au mabaki ya shamba yaliyokaushwa na kushindiliwa kuwa vipande vidogo kama kidole cha mtoto. Ulaya watu hupashia nyumba joto nazo. Zile nzuri huwa na maji yasiyozidi asilimia 10, na huuzwa kwa kilo au tani. Yaani unajua unacholipia.

20/ Jirani zetu walijaribu. Mjini Gisenyi, Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliuzia watu wa mjini peleti na kuwapa jiko maalum. Watu wa vijijini walileta vijiti, wakapewa peleti. Wazo zuri sana. Ilifunga 2020 baada ya kukosa mtaji wa kuendelea. Kwa hivyo akisema kiwanda, muulize: pesa ya mwaka wa tatu inatoka wapi? Na malighafi, ikiwa tayari chai, shule na majiko yanagombania mti mmoja?

21/ Tena peleti zikipata unyevu huvimba na kurudi kuwa unga. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Bila ghala kavu, utakuwa umenunua vumbi. Shida ya magokoro imebadilishwa jina tu.

22/ Tukingoja wanasiasa, haya yako mikononi mwako. UKINUNUA: tazama ncha za ukuni, kavu huwa zimepasuka. Gonga viwili pamoja: kavu hulia kwa mlio mkali, mbichi hutoa sauti nzito. Gome la kavu hubanduka kirahisi. Nunua kiangazi, Desemba hadi Februari, na mkiungana majirani wawili watatu mnaweza kuelewana bei ya pikapu nzima.

23/ Huna hakika? Pima kipande kimoja kwa mzani wa duka. Kiweke juu ya meko siku kadhaa, kipime tena, rudia mpaka uzito usibadilike. Ulichopoteza ndicho ulichouziwa kama kuni.

24/ UKIHIFADHI: pasua kwanza, ukuni mzima hukauka polepole sana. Inua kutoka chini kwa mawe au magogo, mchwa wasifike. Weka mabati juu, pande ziache wazi upepo upite. Ukifunga turubai pande zote umepika unyevu ndani. Panga kwa tarehe, za zamani mbele. Mkaratusi uliopasuliwa upe miezi sita ukiweza. Wazee wetu walipanga kuni darini juu ya meko kwa sababu, si kwa urembo. Makaa na peleti: gunia lisiguse sakafu wala ukuta.

25/ Na tafadhali, hii si siasa. Julai baridi ikija, usiingize jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha. Kaboni monoksidi haina harufu, haina rangi, na huua mtu akiwa usingizini. Moshi nao huua polepole: Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 mwaka 2020 kutokana na hewa chafu ya majumbani. Serikali imejiwekea lengo la kila boma kuwa na upishi safi ifikapo 2028. Hiyo tarehe iandike mahali.

26/ Kwa kifupi, mkutano ujao uliza: (a) Nishati gani, na nani anaipikia hapa? (b) Itauzwa kwa kipimo gani? (c) Je, hiyo kazi iko kwenye ofisi unayoomba? (d) Itakaa wapi ikiwa kavu? Akijibu mawili vizuri, msikilize. Akianza kuimba, kaa chini.

27/ Magokoro sasa ana kibanda cha kuni: nguzo nne na mabati matano ya zamani. Tulijenga Desemba, siku moja. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia tu kwamba chai imechemka kabla hajamaliza kukama ng'ombe. Kwenu kuni zinauzwaje, na kwa kipimo gani? Andika hapo chini pamoja na jina la soko, tulinganishe.