Chokaa, Boriti na Maji: Ukarabati wa Nyumba za Mawe za Lamu na Mji Mkongwe

Nyumba ya mawe ya pwani ya Afrika Mashariki hutambulishwa mara nyingi kwa mlango wake wa nakshi, na mwenye nyumba anayetaka kuifanya ikalike kwa mahitaji ya leo huamini kwamba akiubakisha mlango huo, pamoja na vidaka vilivyochongwa ukutani, basi nyumba imehifadhika. Imani hiyo imeziponza nyumba nyingi katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na katika mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa mwaka uliofuata. Uasili wa nyumba hizi umo kwanza katika mambo yasiyopigwa picha, yaani jinsi ukuta unavyopokea maji na kuyatoa, jinsi urefu wa mti mmoja ulivyoamua upana wa chumba, na jinsi mgeni anavyopokewa hatua kwa hatua kutoka njiani hadi sehemu ya faragha ya wenyeji. Mlango unaweza kubaki mahali pake huku yote hayo yamekwisha kuondoka.

Ukuta wa nyumba ya mawe hujengwa kwa vipande vya matumbawe, yaani mawe yaliyotokana na miamba ya viumbe wa baharini, na matumbawe hayo ni ya namna mbili. Yako yanayochimbwa nchi kavu, ambayo ni magumu na hayana umbo maalumu, na yako yaliyokatwa baharini yangali mabichi, ambayo ni mepesi na huchongeka kwa urahisi kabla hayajakauka, ndiyo maana yalitumika zaidi kwenye mapambo na pembezoni mwa milango. Mawe hayo hushikanishwa kwa udongo wa chokaa, ambao mara nyingi huchanganywa na udongo mwekundu, katika ukuta wenye unene wa karibu nusu mita. Ukuta wa namna hii hauna nguvu ya zege, bali una ulaini unaouwezesha kufuata mtikisiko mdogo wa ardhi na mabadiliko ya joto pasipo kupasuka nyufa kubwa.

Chokaa yenyewe ni jiwe lililobadilishwa umbo kisha likarudishiwa asili yake. Matumbawe yakichomwa kwenye tanuri hadi kufikia joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi, hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali isiyozimwa; ikimwagiwa maji, chokaa hiyo huchemka na kuvunjika, na ikiachwa shimoni kwa miezi hulainika na kuwa kama siagi. Baada ya kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ya ukaa kidogo kidogo na kugeuka jiwe upya, kazi inayochukua wiki na miezi, na inayohitaji unyevu. Kwa sababu hiyo mafundi waashi wenye ujuzi huipaka kwa matabaka membamba na kuifunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili jua lisiikaushe kabla haijashika. Saruji hushika kwa saa chache, na wepesi huo ndio uliowavutia wenye nyumba wengi, ingawa gharama yake huja kuonekana baadaye.

Matumbawe yana vitundu vingi, na kwa kuwa nyumba hizi kwa kawaida hazina tabaka la kuzuia maji kwenye msingi, unyevu wa ardhini hupanda ndani ya ukuta kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Lipu ya chokaa, nayo ikiwa na vitundu, huuruhusu unyevu huo kutoka nje na kukauka, hivyo ukuta hubaki katika hali ya kujisawazisha mwaka mzima. Lipu ya saruji huifunga njia hiyo. Maji yasipopata pa kutokea hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo ndani yake, ambayo haikosekani katika mji ulio ufukweni, hujikusanya nyuma ya saruji na kuganda kuwa chembe zinazotanuka na kuusaga udongo wa chokaa uliokuwa ukiyashika mawe. Mwenye nyumba huona madoa, kisha unga mweupe, kisha lipu inavimba na kubanduka ikiwa imeng'oa uso wa jiwe. Naye, akidhani kwamba tatizo ni unyevu unaotoka nje, huongeza saruji nyingine juu yake. Rangi za mafuta na za plastiki huleta madhara ya aina hiyo hiyo, ijapokuwa kwa mwendo wa polepole. Ukuta uliostahimili karne mbili unaweza kuoza kwa miaka michache kwa sababu ya tiba iliyokusudiwa kuuimarisha, na hakuna hasara katika ukarabati wa nyumba hizi inayosikitisha kuliko hiyo, kwa kuwa inaepukika kabisa.

Jambo la pili ni boriti, yaani gogo la mkoko linalobeba dari na sakafu ya juu. Mti wa mkoko ulio mnene wa kutosha na ulionyooka haubebi uzito kwa usalama ukipita urefu wa mita tatu hivi, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba, na ndiyo sababu pia kuta zake ziko karibu karibu. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, na juu ya mawe humwagwa chokaa na kokoto, kisha hutwangwa kwa vipande vya miti hadi ishikane kuwa sakafu. Boriti zinazoharibika aghalabu huanza kuoza kwenye ncha zilizofukiwa ukutani, kwa kuwa hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana, na boriti moja iliyooza hutolewa na kubadilishwa bila kuvunja chumba kizima. Wako wanaoamua kuondoa dari yote na kumwaga zege yenye nondo, wakitumaini kwamba watapata chumba kipana na sakafu ya kudumu. Zege hiyo ni nzito na ngumu juu ya kuta laini, kwa hiyo uzito wake na kutanuka kwake kwa joto huzisukuma kuta ambazo hazikujengwa kuyapokea. Na ikiwa mchanga uliotumika ni wa ufukweni, chumvi yake huzitia nondo kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kwa chini.

Upatikanaji wa boriti, hata hivyo, ni tatizo la kweli. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ilipositisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu waliguswa moja kwa moja, na kwa kuwa mikoko huzilinda fukwe na kuwa mazalio ya samaki, haiwezekani kudai ikatwe bila mpaka. Njia iliyo bora ni kutunza boriti kuukuu zilizo nzima, kwani zile zilizokaa kwenye dari kavu bado zina uwezo wa kubeba, na kutumia mbao ngumu zilizotibiwa dhidi ya mchwa pale penye pengo, kwa vipimo na nafasi zile zile.

Mpangilio wa vyumba ndio unaovunjwa kwa haraka zaidi. Katika nyumba ya kale ya Lamu, mtu hutoka njiani na kuingia dakani, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni wenye baraza za kukalia, akapita tekani, ukumbi wa ndani unaopinda ili macho ya mpita njia yasifike uani, ndipo akatokea kiwanda, ua ulio wazi juu. Kutoka hapo hufuata kumbi mbili, yaani msana wa chini na msana wa juu, ambayo watu wa Lamu huita msana wa tini na wa yuu, kisha chumba kiitwacho ndani, ambacho ukuta wake umepambwa kwa vidaka, au zidaka kwa lahaja ya huko. Kila hatua sakafu huinuka kidogo na mwanga hupungua, hivyo faragha huongezeka bila kufuli. Kuubomoa ukuta kati ya misana miwili ili kupata sebule moja pana huondoa mhimili wa boriti na, pamoja nao, maana ya nyumba. Kukifunika kiwanda kwa bati huziba pumzi ya hewa iliyokuwa ikiipoza nyumba nzima.

Bafu za kisasa zinaweza kuwekwa, na zinapaswa kuwekwa, ila zikae mahali palipokuwa na choo cha asili, penye birika la maji, na kwenye ghorofa za juu zijengwe juu ya sakafu iliyozuiwa maji kikamilifu, mabomba yakipita nje ya ukuta ambako mvujo utaonekana mapema. Bomba lililofukiwa ndani ya matumbawe huvuja kwa miaka pasipo mtu kujua. Nyaya za umeme hazina shida kubwa, mradi zisichimbiwe kwenye lipu iliyochongwa.

Kabla ya kuanza, mmiliki wa Unguja hupaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na wa Lamu hupitia ofisi ya hifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wako wanaouona utaratibu huo kuwa usumbufu. Lakini kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika ukarabati, na vifo vya watu wawili siku hiyo, kulionyesha kwamba hata nyumba kubwa ya mawe ni kiumbe dhaifu kinapokuwa katikati ya matengenezo.

Kazi huanzia juu. Paa na mifereji hurekebishwa kwanza, kisha maji ya mvua huelekezwa mbali na msingi, kisha saruji ya zamani hutolewa kwa patasi na nyundo ndogo, taratibu, na ukuta huachwa wazi ukauke. Kuta zilizofungiwa unyevu kwa miaka zinaweza kuhitaji msimu mzima wa kaskazi kabla hazijawa tayari kupokea lipu mpya ya chokaa, na mwenye nyumba anayeharakisha hatua hiyo atailipia lipu hiyo mara mbili.