Kuku, kuvu na nyigu katika vita dhidi ya kupe

Mfugaji anayeng'oa kupe kwenye masikio ya ng'ombe wake asubuhi ameona sehemu ndogo tu ya tatizo. Kupe wa kahawia wa masikioni, ndiye anayeeneza ndigana kali au ECF, hudandia mnyama mara tatu maishani: akiwa mdogo, akiwa wa makamo na akiwa mkomavu. Kila anaposhiba damu huanguka. Muda mwingine wote yuko malishoni, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai ardhini.

Dawa ya josho au ya pampu huua tu wale walio kwenye ng'ombe. Isitoshe, wafugaji wengine huizidishia maji ili itoshe mifugo yote. Kupe wenye nguvu hunusurika na kuzaa wengine wasioijali dawa hiyo, na mwishowe mfugaji hununua chupa ambayo haimsaidii. Ndiyo maana watafiti wamegeukia maadui wa asili wa kupe, na baadhi ya kazi hiyo imefanyika hapa kwetu Homa Bay.

Katika Kisiwa cha Rusinga, watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe waliwaachilia kuku wa kienyeji kati ya ng'ombe wenye kupe kwa nusu saa hadi saa moja, kisha wakapasua gole na firigisi zao. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1991. Kuku mmoja alikutwa na kupe 3, mwingine 331, na wastani ulikuwa 81 kwa kila kuku. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja tu, bila gharama ya dawa. Wakati mzuri ni alfajiri, ng'ombe wakiwa bado wamelala bomani, kwa sababu kuku huwafikia tumboni, miguuni na hata usoni. Siku ya kunyunyiza dawa ni afadhali kuku wafungiwe, wasije wakala kupe waliojaa sumu. Na asiyechanja kuku wake dhidi ya kideri asishangae akibaki bila jeshi.

Kuna pia nyigu mdogo sana, Ixodiphagus hookeri, anayetaga mayai ndani ya kupe, na wana wake humla kupe kutoka ndani. Katika jaribio la Kenya lililochapishwa mwaka wa 1997, nyigu wapatao 150,000 waliachiliwa kwa mwaka mmoja kwenye malisho ya ng'ombe 10. Kupe wa madoadoa, wanaoeneza ugonjwa wa maji ya moyo, walipungua kutoka 44 hadi 2 kwa kila ng'ombe. Lakini kupe wa masikioni hawakupungua. Adui wa kupe mmoja si lazima awe adui wa mwingine, na kwa mfugaji anayehofia ndigana kali, nyigu huyo peke yake hatoshi.

Kuvu aitwaye Metarhizium anisopliae ana matumaini makubwa zaidi. Mbegu zake hunasa kwenye ngozi ya kupe, zikaota na kupenya hadi ndani, na kupe hufa baada ya siku kadhaa. Jua kali huziua mbegu hizo na ukavu huzizuia kuota, hivyo hufaa kunyunyizwa jioni au wakati wa unyevu. Anayezoea kuona kupe wakidondoka siku ileile atahitaji subira.

Hakuna hata moja kati ya njia hizi inayomruhusu mfugaji kuacha kuogesha ghafla, hasa mwenye ng'ombe wa gredi, kwa kuwa hao hufa kwa ndigana kali upesi kuliko wa kienyeji. Dawa ichanganywe kama kibandiko kinavyoelekeza, masikio yapakwe vizuri, na kuku waachiliwe bomani siku nyingine zote. Ipo pia chanjo ya ndigana kali, inayotolewa mara moja maishani na mtaalamu aliyefunzwa.

Ng'ombe akionekana na tezi zilizovimba chini ya sikio au mbele ya bega, ana homa na anahema kwa shida, afisa wa mifugo wa wadi aitwe siku hiyohiyo. Dawa ya kutibu ndigana kali husaidia inapotolewa mapema. Ng'ombe akishaanza kutoa povu puani, mara nyingi huwa wamechelewa.