Njia za Malori: Hesabu ya Kutafuta Lililo Bora

Mwaka 1959 George Dantzig na John Ramser walichapisha makala juu ya malori yaliyosambaza petroli kutoka bohari moja hadi vituo vingi vya kuuzia. Swali lao laonekana jepesi: kila lori lipite wapi, na kwa mpangilio gani, ili vituo vyote vihudumiwe na jumla ya mwendo iwe ndogo kadiri iwezekanavyo? Makala haya yanaeleza ugumu wa swali hilo, namna moja ya kulijibu, na tahadhari ya lugha inayohitajika.

1. Ugumu wa tatizo

Tatizo la aina hii lina sehemu tatu: maamuzi (lori lipi liende wapi), lengo (kupunguza mwendo au gharama), na masharti (uwezo wa lori, saa za kazi za dereva). Anayedhani kwamba inatosha kujaribu mipangilio yote na ahesabu kwanza. Wateja 3 wana mipangilio 6. Wateja 10 wana 3,628,800. Wateja 20 wana idadi yenye tarakimu 19. Kompyuta ikikagua mipangilio milioni moja kwa sekunde, ingehitaji zaidi ya miaka 77,000 kuimaliza hiyo ya wateja 20.

2. Kanuni ya akiba

Mwaka 1964 G. Clarke na J. W. Wright walitoa kanuni nyepesi. Kwanza, kila mteja apewe safari yake ya kwenda na kurudi. Kisha, kwa kila wateja wawili, ipimwe akiba itakayopatikana safari zao zikiunganishwa: umbali wa kila mmoja kutoka bohari hujumlishwa, na umbali ulio kati yao hutolewa. Muungano wenye akiba kubwa huanza, mradi masharti hayavunjwi.

Tuseme bohari iko Lubumbashi. Likasi iko umbali wa kilometa 120 hivi, na Kolwezi, kwa barabara hiyo hiyo, 300 hivi. Safari mbili zilizotengana ni kilometa 840. Akiba ni 120 + 300 − 180, yaani 240. Basi safari moja ni kilometa 600. Kipushi, iliyo upande mwingine, haileti akiba yoyote ikiunganishwa na Likasi, kwa kuwa lori litapita tena Lubumbashi. Aidha, lori la tani 10 laweza kubeba tani 4 za Likasi na 5 za Kolwezi. Lakini Kolwezi ikihitaji 7, muungano wakataliwa, hata kama akiba yake ni kubwa.

3. Njia na ratiba

Njia si ratiba. Lori laweza kushusha mzigo Likasi wakati wa kwenda au wakati wa kurudi. Kilometa ni 600 vilevile. Lakini ikiwa mteja wa Kolwezi hupokea mizigo asubuhi tu, kusimama kwanza Likasi kwaweza kuharibu safari nzima. Vivyo hivyo, masika yakiharibu barabara, saa za mwendo zafaa kupimwa badala ya kilometa. Hesabu sahihi juu ya kipimo kisichofaa huzaa njia isiyofaa.

4. Neno «bora»

Kanuni ya akiba hutoa njia nzuri kwa haraka, ila haithibitishi kwamba hakuna iliyo fupi zaidi. Uthibitisho huo huhitaji mbinu nyingine, zinazoonyesha kwamba hakuna njia iwezayo kushuka chini ya kiwango fulani. Mwaka 1954 Dantzig, Fulkerson na Johnson walifanya hivyo kwa mzunguko wa miji 49 ya Marekani.

Katika mazungumzo ya kila siku «bora» na «nzuri» hukaribiana. Katika hisabati hayabadilishani. Mwanafunzi aandikapo «njia bora kabisa» anadai kwamba uthibitisho upo. Asipokuwa nao, aandike «njia nzuri iliyopatikana». Kiswahili kina maneno yote mawili. Kinachotakiwa ni kuyatenga.