Mwili wa mgonjwa wa akili

Ndugu zetu, mgonjwa wa akili ana mwili pia, na mwili ule huugua. Shirika la Afya Duniani lasema wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hata 20 mbele ya wengine. Wengi hufa kwa moyo, kwa mapafu, kwa maradhi yawezayo kuzuiwa, wala si kwa wazimu wenyewe.

Kumbukeni Ebola ya Beni na Butembo, iliyofika Ituri pia, tangu 1 Agosti 2018 hata 25 Juni 2020: watu 2,287 walikufa. Chanjo ilifuata majina. Mgonjwa alitaja aliokutana nao, nao wakachanjwa, na jamaa zao. Lakini yule alalaye sokoni, nani angemtaja? Naye angemtaja nani? (Wengi hawajui hata jina lake la ubatizo.)

Basi katekista azungukaye vijiji aulize. Anakohoa majuma mawili? Apimwe kifua kikuu. Anakunywa dawa za akili? Baadhi huleta unene na sukari katika damu. Apimwe, wala asiziache mwenyewe, maana ugonjwa hurudi. Amefungwa kamba? Pepopunda huingia kwa vidonda vile. Aombewe, ndiyo, lakini afunguliwe kwanza na kupelekwa hospitali. Na siku ya chanjo, jina lake liandikwe pamoja na ya nyumba nzima.