Kitovu Shingoni mwa Mtoto Aliye Tumboni

Mwanamke wa Makina anapotoka kupigwa picha ya tumbo katika mwezi wa nane, na karatasi ikawa imeandikwa kwamba kitovu kimemzunguka mtoto shingoni, habari huenea uani kabla hajavua buibui. Ndugu zetu Wanubi wameishi mahali hapo pa Kibera kwa zaidi ya miaka 100. Nyumba zimekaribiana, na neno la mmoja huwa la wote. Mama mkwe atauliza ni nani aliyemwacha aanike nguo mikono ikiwa juu. Jirani atakumbuka kumwona akipita chini ya kamba. Mwingine atautaja mkufu. Ikifika Magharibi mama huyo amekwisha kuhukumiwa, na mtoto wake bado anacheza tumboni kama ada yake.

Sisi wa pwani nasi tumeyasikia maneno hayo kwa bibi zetu. Lakini mikono ya mama haimvuti mtoto. Kitovu, au kiungamwana, kina urefu upatao sentimita 50 hadi 60, na mtoto mwenyewe ndiye anayegeuka na kupinduka katika maji ya uzazi hata kikamzunguka. Yapata mtoto mmoja katika kila wanne au watano huzaliwa hivyo, na walio wengi huzaliwa wazima. Wengine hujinasua wenyewe kabla ya siku ya kuzaliwa.

Linalotutisha ni neno shingo, kwani tunafikiri habari ya kunyongwa. Mtoto aliye tumboni havuti pumzi kwa koo. Mapafu yake yamejaa maji. Hewa safi humfikia ndani ya damu, kwa mshipa mmoja wa kitovu, na mishipa miwili huirudisha kwenye kondo damu iliyokwisha kutumika. Mola ameizungushia mishipa hiyo ute mzito ili isibanwe kwa wepesi. Hatari, basi, ni kitovu chenyewe kubanwa, na hilo hutokea zaidi wakati wa uchungu. Hapo mapigo ya moyo wa mtoto hupungua, na mkunga anayeyasikiliza hutambua mapema. Kichwa kikitoka, yeye hupitisha kidole shingoni: kitovu kikilegea hukivusha juu ya kichwa, kikikaza hukibana na kukikata. Ni kazi ya muda mfupi, ila yataka mikono iliyofunzwa. Kwa hiyo kitovu shingoni peke yake si hoja ya kupasuliwa. Ni hoja ya kutojifungulia nyumbani.

Wala tumbo lisikandwe ati kitovu kifunguke. Mwenye kukanda hakioni, na kukanda kwa nguvu huweza kulibandua kondo, mama akavuja damu.

Wako akina mama waliofiwa na watoto tumboni ambao mpaka leo wanaamini kwamba waliwaua kwa kuanika nguo. Wasiambiwe hivyo tena.

Cha kuchungwa ni mchezo wa mtoto. Katika miezi ya mwisho kila mama huzijua saa za mwanawe. Akiona amepunguza, na alale ubavu wa kushoto, ahesabu. Asipofikisha michezo 10 kwa saa mbili, aende hospitali. Kama hachezi kabisa, asihesabu chochote, aondoke. Asingoje mume arudi kazini, wala alfajiri.

Na hapa ndipo penye uzito kwa watu wa Makina. Hospitali ya Mbagathi na ile ya Taifa ya Kenyatta haziko mbali nao, lakini vichochoro vingi vya Kibera havipitiki kwa gari, na saa nane usiku kufika barabarani ni safari. Basi waume, tangu mwezi wa saba namba ya mwenye gari iwe imepatikana, nauli imewekwa kando, na anajulikana kijana wa kuwasindikiza. Kitabu cha kliniki kikae karibu na mlango. Na mkifika hospitali, kabla hata ya kuulizwa jina, mama aseme kwamba mtoto hachezi kama alivyocheza jana.